Namna ya kumbana mtoa intaneti wako, na namna ya kujua sheria ipi uiunge mkono

Kabla hujapiga simu huduma kwa wateja, kabla hujaandika barua, na kabla hujabishana na mtu kama Serikali iyabane makampuni ya intaneti au iyaache yafanye biashara yao, nunua kaunta buku. Lile dogo linatosha. Chora mistari upate safu tano: tarehe, saa, spidi ya kushusha, spidi ya kupandisha, na kazi uliyokuwa unafanya.

Mimi nina steshenari Kirumba, hapa Mwanza, jirani na barabara inayoshuka mwaloni. Nachapa, natoa kopi, najazia watu fomu za mkopo wa chuo, za ajira, za NIDA. Wafanyabiashara wa dagaa wanakuja kuskani vibali ili dereva aliyeko mpakani avipokee kwenye simu. Intaneti ikilala, hata kama umeme upo na karatasi zipo, mimi nimefunga duka. Kwa hiyo suala hili silizungumzii kama mtu wa siasa. Nalizungumzia kama mtu anayelipa ankara kila mwezi.

Lalamiko la "mtandao unasumbua" halina pa kushikwa. Yule binti wa huduma kwa wateja atakwambia uzime ruta uwashe, utazima, utawasha, na yeye ameshamaliza kazi. Mwambie badala yake: "Jana saa 11 jioni nilikuwa napata megabiti 2 kwa sekunde, mkataba wangu unasema 20, na nimepima kwa waya." Utasikia sauti inabadilika.

Sasa, kupima. Watu wengi wanapima vibaya halafu wanashangaa kampuni inawacheka. Usipimie kwenye simu ukiwa chumba cha pili. Ukuta wa tofali unakula Wi-Fi, na kampuni itasema tatizo ni nyumba yako, na itakuwa haijadanganya. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya. Toa simu zote kwenye mtandao, na ya mtoto pia, maana ndiyo inayopakua katuni. Kisha pima kwa tovuti mbili tofauti. Kwa nini mbili? Kwa sababu baadhi ya tovuti hizo zinakupimia kwenye seva, yaani kompyuta ya kupimia, iliyomo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe. Safari yako inakuwa haijatoka nje ya ua, matokeo yanapendeza, na huku ukurasa wa chuo unaoutafuta bado unazunguka tu. Pima asubuhi, pima mchana, pima jioni watu wakisharudi nyumbani. Piga skrinishoti inayoonyesha saa. Andika kwenye daftari palepale, usisubiri kesho.

Safu ya kupandisha usiiruke. Matangazo yote yanataja spidi ya kushusha, ile ya kutazamia video. Lakini mwanafunzi anayeomba mkopo anapandisha: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, picha, fomu iliyogongwa mhuri. Laini nyingi za bei ya chini zinashusha kwa spidi kubwa na kupandisha kwa kuchechemea. Zimetengenezwa hivyo makusudi, si hitilafu. Ukijua hilo kabla ya kusaini umeokoa pesa.

Na unapousoma mkataba, shika hesabu moja. Kampuni inauza kwa megabiti, faili lako liko kwa megabaiti. Biti nane ni baiti moja. Kwa hiyo laini ya megabiti 20 kwa sekunde, ikifanya kazi bila dosari, inakuletea megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Nimeshuhudia mtu mzima na shahada yake akitukana kampuni kuwa imemwibia, kumbe anapata alichonunua. Tafuta pia kama laini ni ya kushirikiana na wateja wengine au ni yako peke yako. Ya kushirikiana ni nafuu mara nyingi zaidi, na jioni lazima ipungue. Swali ni ipungue hadi wapi. Mikataba mingi inataja spidi ya juu kabisa na kunyamaza kuhusu ya chini. Uliza ya chini. Uliza kwa maandishi. Angalia pia kama kuna kiwango cha GB ambacho ukikifikisha unashushwa spidi, maana "bila kikomo" ya kwenye bango mara nyingi ina kikomo chake ukurasa wa tatu.

Halafu hakikisha unamlaumu anayestahili. Kama una fiba, ule waya wa kioo unaopitisha mwanga, kile kiboksi kidogo kilichoingia waya mwembamba kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwako: waya umekatwa au umechomoka mahali, mara nyingi na mafundi wanaochimba mtaro wa maji. Hapo usipoteze muda kuzima na kuwasha. Kama una kile kidishi cha juu ya paa, kinatakiwa kiuone mnara bila kizuizi, na mji wetu huu ni wa mawe. Unaweza kuwa na mnara nusu kilomita na bado jabali likakaa katikati. Hata ghorofa jipya la jirani linatosha. Na mvua za usiku zinazotoka ziwani zinakuja na radi, kwa hiyo chomoa ruta, usingoje kuja kumdai mtu.

Wakati mwingine kosa haliko Mwanza kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kusini huko upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Kampuni yako haikukata mkongo. Lakini inaweza kuulizwa kwa nini haikuwa na njia nyingine ya akiba, na hilo ni swali halali.

Ukiwa na kurasa za kutosha kwenye daftari, andika. Usiandike kwa hasira na usiandike historia ya maisha yako. Mimi nawaandikia wateja barua ya namna hii:

"Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha megabiti 20. Kuanzia tarehe 3 hadi 17 mwezi huu, kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, spidi niliyopata ni kati ya megabiti 2 na 3, nikiwa nimeunganisha kompyuta moja kwa waya. Vipimo vimeambatishwa. Naomba: sababu kwa maandishi; tarehe mtakayorekebisha; na punguzo la siku hizo kwenye ankara ijayo."

Weka namba ya mteja na simu yako, basi. Itume kwa baruapepe hata kama umeshapiga simu, na udai namba ya lalamiko. Bila namba hiyo hujalalamika, umepiga soga. Omba mambo yanayoweza kutimizwa. "Nataka haki yangu" haina mtu wa kuitekeleza ofisini, lakini punguzo kwenye ankara lina mhasibu.

Wakikaa kimya au wakijibu upuuzi, ndipo unapanda ngazi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, huhitaji kupanda basi la Dar. Watakuuliza kwanza kama ulimlalamikia mtoa huduma, na hapo ile namba na ile baruapepe ndiyo tiketi yako. Sheria ileile iliunda pia baraza la kuwasemea watumiaji, TCRA-CCC, na wengi hawajui kuwa lipo. Kama huna uzoefu wa barua za kiofisi, anzia huko. Na kama uamuzi wa TCRA wenyewe haukukuridhisha, kuna Baraza la Ushindani la kukatia rufaa, ingawa kwa ankara ya mwezi mmoja sikushauri. Hiyo ni ngazi ya wenye mawakili.

Kuhusu kijana wa mtaani anayenunua laini moja na kugawa Wi-Fi kwa vocha: kwanza angalia kama ana leseni. TCRA inatoa leseni za aina mbalimbali, za miundombinu, za huduma za mtandao, za huduma tumizi na za maudhui, na majina ya wenye leseni yanapatikana. Kama hana, lalamiko lako halitamrekebisha, litamfungia biashara. Pengine unataka hivyo, pengine unataka tu akurudishie buku yako. Amua kabla hujaandika.

Sasa nije kwenye mjadala wenyewe, maana ukishakuwa mtu wa kulalamika utaalikwa kusaini hiki na kuunga mkono kile.

Mpwa wangu anasoma TEHAMA, na likizo anakaa dukani kwangu. Yeye ni wa soko huria. "Mama mdogo," ananiambia, "Serikali ikianza kuwapangia makampuni, yataacha kuwekeza. Waache washindane, soko litajirekebisha." Hoja yake si ya kijinga. Kuvuta waya ni gharama, na kampuni isiyoona faida haitavuta waya kwenda Ukerewe. Lakini nilimuuliza soko lipi. Mtaani kwetu waya uliofika ni wa kampuni moja. Nikimkasirikia huyu nahamia kwa nani, kwa kibanda cha chipsi? Ushindani wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, si ushindani wa Igoma, pembeni ya mji. Pale penye kampuni moja, anayeweza kuiuliza swali ni mdhibiti tu.

Marekani wamebishana suala hili, hasa kama kampuni iruhusiwe kubagua kinachopita kwenye waya wake, kwa zaidi ya miaka ishirini na hawajamaliza. Tim Wu, profesa wa sheria, aliandika mwaka 2003 kwamba mwenye waya asibague kinachopita ndani yake. Mwaka 2007 mhandisi mmoja wa Oregon, Robb Topolski, mpenzi wa nyimbo za zamani za kwaya za wanaume wanne, aliona mafaili yake ya muziki hayapandi. Hakupiga kelele. Alipima, akagundua kampuni inayomuuzia intaneti, Comcast, inakatiza kwa siri mawasiliano ya BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili mtandaoni, akaweka matokeo hadharani, na shirika la habari la AP likarudia vipimo likapata yaleyale. Mwaka 2008 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikaihukumu kampuni. Mwaka 2010 mahakama ikasema tume haikuwa na mamlaka hayo. Mwaka 2015 tume ikapitisha kanuni kali za kuzuia ubaguzi huo, 2017 ikazifuta, 2024 ikazirudisha, na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. Kila chama kikishika Ikulu kanuni zinageuka. Katika hayo yote kilichobaki bila kugeuka ni vipimo vya yule bwana. Ndiyo maana nakusumbua na kaunta buku.

Hapa kwetu suala hilo lina sura ya bando. Kuna vifurushi vya bei nafuu vya mitandao ya kijamii tu. Binti anakuja dukani, simu ina bando, WhatsApp inafunguka, anaona picha za shangazi yake. Anajaribu kufungua ukurasa wa maombi ya chuo, haufunguki. Anadhani simu ni mbovu. Namweleza kwamba alichonunua ni mlango mmoja, si nyumba. India walilikataa jambo hili: Februari 2016 mdhibiti wao, TRAI, alipiga marufuku bei zinazobagua kwa aina ya maudhui, na mpango wa Facebook wa Free Basics, wa kufungua bure tovuti chache tu, ukafa nchini humo. Mpwa wangu anasema bora mlango mmoja kuliko kukaa nje. Mimi nasema mwenye nyumba asichague mlango upi. Hatujakubaliana, na ugali tunakula pamoja.

Hiki sasa ndicho kipimo changu kwa kila kanuni inayoletwa: mkono wake unamwangukia nani? Chukua kanuni za vifurushi za mwaka 2021. Zilimtaka mtoa huduma akujulishe bando likifika asilimia 75 na likifika 100, badala ya kukukatia ghafla au kula salio bila idhini. Mkono unaangukia kampuni, mimi naunga mkono, hata kama Aprili mwaka huohuo vifurushi vipya vilipoanza bei zilizua kelele mpaka Serikali ikavisitisha. Kelele zile zilikuwa za bei, na zilikuwa na haki, lakini watu walitaka kumtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea.

Chukua upande wa pili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni, na wenye intaneti kafe wafunge kamera za kurekodi wateja. Hapo mkono haukumwangukia mwenye mnara. Umemwangukia mama mwenye kompyuta nne na binti anayeandika habari za mtaa. Uganda, ng'ambo ya ziwa, Julai 2018 walianza kutoza shilingi 200 zao kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 wakaifuta na kuweka asilimia 12 kwenye data. Hapo nako mkono ulimwangukia mtumiaji. Na uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwetu kwa siku kadhaa. Siku hizo vipimo vyangu vyote vingesoma sifuri, na hakuna fomu ya malalamiko yenye kisanduku cha jambo hilo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama unataka Serikali isimamie intaneti, usijibu ndiyo wala hapana. Muulize isimamie nini. Spidi, bei, fidia, taarifa za bando, wajibu wa kufika vijijini: ndiyo, na kwa ukali. Nani aseme nini, na lini swichi izimwe: hapo nataka jaji, si ofisa. Mpwa wangu kwa hili la pili tuko pamoja kabisa, ajabu.

TCRA wakitangaza kupokea maoni juu ya kanuni mpya, peleka. Pakua rasimu yote, usitegemee muhtasari wa kwenye kundi la WhatsApp. Andika namba ya kifungu, sema unakitaka kibadilishweje, kisha weka ukurasa mmoja wa vipimo vyako. Usinakili barua aliyosambaza mtu. India wakati ule watu walituma barua nyingi mno zilizotengenezwa tayari, na mdhibiti akalalamika kwamba hazikujibu maswali aliyouliza. Marekani mwaka 2017 FCC ilipokea maoni zaidi ya milioni 22, na Mwanasheria Mkuu wa New York akaja kubaini mwaka 2021 kuwa karibu milioni 18 yalikuwa ya bandia. Barua yako moja ya Kirumba, yenye saa na namba, inasomeka kuliko mafuriko hayo.

Iandike kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Kurasa mbili zinatosha. Usikusanye sahihi za watu wasiojua wanasaini nini. Afadhali wenye steshenari watatu, kila mmoja na daftari lake, kuliko majina mia kwenye karatasi ya chai. Ukipeleka kwa mkono, beba nakala mbili: moja waache, ya pili wakugongee mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Asiyetaka kugonga mhuri muombe aandike jina na cheo, kwa upole, huku umeshatoa kalamu.